Shangazi Anakunywa Mbono

Jumatatu, 3 Juni

Binti yangu amenipa karatasi zenye mistari. Tarehe, kilomita, lita za dizeli, lita za mafuta ya mbono, hali ya hewa, maelezo. Kila Jumamosi atapita kuzichukua. Nafasi aliyoniachia ya maelezo inatosha kuandika "sawa" au "si sawa", basi. Nikamwambia nimeendesha lori hili miaka thelathini na moja na sijawahi kupata siku iliyo sawa wala isiyo sawa, siku zote huwa katikati. Akasema, "Baba, andika tu." Ana sauti ya darasani hata akiomba chumvi. Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Karatasi ni zake, daftari ni langu.

Jambo lenyewe ni hili. Leo Shangazi amekunywa mafuta ya mbono kwa mara ya kwanza. Shangazi ni lori la maziwa la kiwanda. Tulimpa jina hilo mimi na marehemu mke wangu mwaka tulioanza naye kazi, kwa sababu alipopanda mlima alinguruma kama dada yake baba akiamsha watoto. Analala hapa uani kwangu. Alfajiri tunazunguka vituo kumi na vinne, tunapakia madumu sitini na mawili, saa tatu tunashusha kiwandani, kisha tunawarudishia watu madumu yao matupu na kufika nyumbani saa saba mchana.

Binti anafundisha kemia sekondari. Yeye na wanafunzi wake wamekuwa wakiokota mbegu za mibono kwenye nyua za watu, wakazikamua kwa mashine, wakayaacha mafuta yatulie kwenye mapipa siku kumi, wakayachuja kwa kitambaa. Meneja wa kiwanda amekubali kumjaribia: lori moja, msimu mmoja wa baridi, mpaka katikati ya Agosti. Yakifaa, malori mengine matatu yatafuata. Yasipofaa, tangi litang'olewa, Shangazi atarudi kwenye dizeli yake, na mbono utabaki kuwa ua wa kuzungushia nyumba.

Sasa nina matangi mawili na koki moja chini ya usukani. Nawasha kwa dizeli. Injini ikishapata moto nageuza koki, anaanza kunywa mbono. Na kabla ya kuzima lazima nirudishe koki kwenye dizeli, injini ikiwa inaendelea kuzunguka, ili dizeli isafishe mipira na pampu. Mafuta ya mbono yakilala humo usiku wa baridi huwa mazito, yanaganda kama uji. Binti amenichagulia mahali pa kugeuzia: juu kabisa ya mlima wa mwisho, penye tangi la maji la mji. Kutoka hapo mpaka getini kwangu ni kilomita mbili za mteremko.

Alirudia kunieleza hayo mara tatu. Nilimfundisha mimi kufunga kamba za viatu.

Jumanne, 4 Juni

Kilomita 58. Ukungu mwepesi. Koki nimegeuza.

Alhamisi, 6 Juni

Moshi umebadilika. Zamani Shangazi alikuwa akiacha wingu jeusi, mtu akivaa shati jeupe alijua atapishana naye wapi. Leo ni moshi kidogo, wa rangi ya majivu, na unanukia kama jikoni. Shemeji, ndugu wa mke wangu, ambaye hukaa nyuma na kupakia madumu, anasema kila kituo watu wanamuuliza nani anakaanga. Amewajibu kwamba kiwanda kimefungua hoteli.

Kisha akataka kujua kama mafuta hayo yanafaa kupikia kweli. Binti alimwambia mbono ni sumu, hata mbuzi wanajua, ndiyo maana watu huupanda uwe ua. Shemeji akasema mbuzi ni waoga tu. Mdomo wake haufungwi huyu. Miaka ishirini namsikia kupitia dirisha la nyuma.

Mimi naikosa ile harufu ya dizeli. Ilikaa kwenye shati langu, kwenye mto, kwenye mkate. Binti alipokuwa mdogo alikataa kulala mpaka apewe shati langu la kazi alikumbatie. Mama yake alilalamika kwamba mtoto ananuka gereji, lakini hakumnyang'anya.

Jumatatu, 10 Juni

Binti alikuja na mapipa mawili. Nikamchokoza. "Mwalimu, moshi si moshi? Unachoma jani, unachoma dizeli, vyote vinapanda juu."

Akaketi kwenye ngazi, akanieleza kama ninavyopenda, bila chaki. Dizeli ilifukiwa ardhini tangu zama ambazo hakuna wa kuzisimulia, tukiichoma tunaongeza hewani kitu ambacho hakikuwepo. Mbono ukiwa unakua unavuta hewani, lori likiuchoma linarudisha kile kile, kisha mwaka ujao mbono unavuta tena.

"Kwa hiyo ni bure kabisa."

"Si bure, Baba. Mashine ya kukamulia inakula umeme, na wewe unawasha kwa dizeli. Ni nafuu tu. Nikikwambia ni bure nitakuwa nakudanganya."

Nikamuuliza kwa nini basi tusing'oe mahindi tukapanda mbono shamba zima. Akanitazama kama mwanafunzi aliyechelewa. "Watu watakula nini? Mbono ukae kwenye ua, pale pale ulipo." Nilipenda jibu hilo, ingawa sikumwambia.

Jumamosi, 15 Juni

Amechukua karatasi. Amefurahi. Mbono lita 71, dizeli lita 16. Bado hakuna baridi ya maana. Zamani ikifika tarehe kumi ya mwezi huu mtu alikuwa hashiki usukani bila glovu. Mke wangu, ambaye alikuwa karani wa maziwa na alikaa kati yangu na mlango akiandika lita za kila mtu, alikuwa akipulizia kalamu ili wino utoke. Siku hizi baridi inakuja inapotaka na kuondoka bila kuaga.

Jumanne, 18 Juni

Leo nimefanya jambo ambalo sitaliandika kwenye karatasi.

Miaka yote, tukifika penye tangi la maji, nilikuwa nazima injini. Naweka gia huru, Shangazi anateremka mwenyewe mpaka getini. Madereva wa zamani wote walifanya hivyo, tulisema tunaokoa mafuta, na kweli tuliokoa kijiko. Sababu yangu mimi ilikuwa nyingine. Ndani ya Shangazi humsikii mtu. Kutoka alfajiri hadi mchana mimi na mke wangu tulikuwa tukizungumza kwa vidole na nyusi. Pale juu nikizima, kelele inakatika ghafla, unabaki upepo na matairi, na yeye anaanza kusema. Dakika nne, tano. Mambo makubwa ya nyumba yetu tuliyazungumzia kwenye mteremko ule, kwa sababu tukifika nyumbani kulikuwa na mtoto, wageni, moto wa kuwasha. Hapo ndipo aliponiambia kwamba ana mimba. Hapo ndipo aliponiambia daktari amesema nini.

Ana miaka sita kaburini, na mimi sijawahi kushuka mlima ule na injini inayonguruma, mpaka zilipokuja hizi wiki mbili za koki. Wiki mbili nimeshuka na kelele. Leo nimechoka. Nikageuza koki kama nilivyoagizwa, kisha nikazima pale pale.

Palikuwa kimya. Sisemi namsikia, mimi si mwendawazimu. Ila pale namkumbuka vizuri kuliko mahali pengine, hata jinsi alivyokuwa akikohoa kabla ya kuanza neno.

Kwenye karatasi nimeandika: "Koki nimegeuza." Sikuongopa.

Jumatano, 19 Juni

Nimezima tena. Asubuhi aliwaka bila shida.

Jumatatu, 24 Juni

Baridi imeingia. Shangazi alikataa kuwaka mara mbili, mara ya tatu akakohoa akawaka. Nilimwagia filta birika moja la maji ya moto. Koki nimegeuza.

Jumatatu, 1 Julai

Birika mbili. Ukungu mpaka saa nne.

Najua kinachotokea, nisijifanye mjinga ndani ya daftari langu mwenyewe. Kugeuza koki na kuzima papo hapo ni sawa na kutokugeuza. Dizeli haipati nafasi ya kupita, mbono unalala kwenye pampu, asubuhi nawasha injini baridi kwa mafuta mazito, yanaungua nusu na kuacha masizi. Ningeweza kugeuza mapema, chini ya mlima, nikazima juu kwa amani. Lakini dizeli ingezidi kwenye karatasi, binti angeuliza, na ningelazimika kumweleza habari za mteremko. Ningeanzia wapi? Yeye anadhani mama yake alikuwa akiniambia mambo mezani.

Ijumaa, 5 Julai

Birika mbili. Shemeji alinishikia taa nikimwaga maji. Hakusema kitu, na hilo lilinitia wasiwasi kuliko kama angesema.

Jumamosi, 6 Julai

Binti amechukua karatasi. Aliuliza, "Anawaka vizuri asubuhi?" Nikasema baridi ni kali. Akaandika "baridi kali" kwa mwandiko wa mama yake. Herufi za mkia mrefu vile vile.

Jumanne, 9 Julai

Birika tatu. Hana nguvu mlimani. Koki nimegeuza.

Ijumaa, 12 Julai

Nimekaa na kalamu muda mrefu, mkono hautaki.

Leo Shangazi amezimika na mzigo wote. Tulikuwa tumemaliza kituo cha kumi na nne, madumu sitini na mawili yamejaa, saa moja na nusu asubuhi, tunapanda kona ya machimbo. Akaanza kuvuta kama mtu mwenye pumu, akatetemeka, akanyamaza. Nikajaribu mpaka betri ikalegea. Nikafungua filta nikakuta tope jeusi lenye kunata. Nozo, yale matundu madogo yanayorushia mafuta ndani ya injini, zimejaa masizi hata sindano haipiti.

Shemeji alishuka na kutembea mpaka kiwandani, kilomita kumi na moja, kuomba lori jingine. Malori yote yalikuwa njiani. Mimi nilibaki na maziwa. Ukungu ulipoondoka jua likatoka, jua kali la siku isiyo na wingu, sijui lilikuwa wapi wiki nzima. Nikafunika madumu kwa turubai, nikakata matawi nikayaweka juu, nikamwaga maji ya mferejini juu ya turubai. Nilikimbia na ndoo kama kijana. Saa nane wakaja kunivuta, saa tisa na nusu tukafika.

Dada wa maabara ya kiwanda alipima dumu la kwanza, la pili, la kumi. Alitikisa kichwa tu, akahamia jingine. Maziwa yalikuwa yamechacha yote. Lita elfu mbili na zaidi zikamwagwa kwenye shimo la nyuma, nami nimesimama hapo kwa sababu sikujua mahali pengine pa kusimama.

Kuna mjane kituo cha sita mwenye ng'ombe mmoja. Kila asubuhi analeta dumu lake akilipangusa kwa kitambaa njia nzima, halafu ananiambia, "Dereva, nakukabidhi." Leo pia aliniambia hivyo.

Binti alifika akiwa na vumbi la chaki kwenye mikono. Akachovya kidole kwenye lile tope la filta, akalinusa, akalisugua. Uso wake ulikuwa wa mtoto. "Baba," akasema, "ni mafuta yangu haya. Sikuyaacha yatulie vya kutosha." Wakati wa kumwambia ulikuwa ule, nami nikauacha upite.

Jumamosi, 13 Julai

Hakuja kuchukua karatasi.

Jumanne, 16 Julai

Fundi wa kiwanda amesafisha nozo na kubadilisha filta. Shangazi yuko kwenye dizeli, kwa amri ya Meneja, mpaka kamati ya kiwanda ikae tarehe mbili Agosti kuamua kuhusu mbono. Wingu jeusi limerudi, na harufu yangu imerudi kwenye shati. Nilidhani nitafurahi.

Na bado nazima pale juu. Niandike na hilo.

Jumamosi, 20 Julai

Nilikwenda shuleni kwake. Nimemkuta kwenye chumba cha mashine, amepanga vichupa vya mafuta dirishani, kila kimoja na tarehe yake, anavitazama kimoja kimoja dhidi ya mwanga. Amekonda. Amerudia kuchuja mafuta yale yale mara nne na hajaona kosa.

"Kama ningeona kosa ningelala, Baba. Nisiloliona ndilo linaloniua."

Wanafunzi walikuwa wamemwaga mbegu sakafuni, gunia kama sita. Akawaambia waache, warudi darasani, hakuna haja tena. Wakatoka wakinitazama. Nikasema lazima niwahi kijiwe cha fundi. Sikuwa na fundi wa kumwahi.

Jumanne, 23 Julai

Meneja alinisimamisha kiwandani. Mtu mzuri, huvaa masweta mawili mpaka Septemba. Alisema, "Mzee wangu, usihangaike. Kamati ikishayakataa haya mafuta, tunakurudishia Shangazi wako kama zamani, unamalizia miaka yako miwili kwa raha, unastaafu." Akanipigapiga bega. Yaani nikikaa kimya tu, mambo yote yanakuwa kama nilivyotaka mwezi wa sita. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula.

Jumapili, 28 Julai

Shemeji alikuja kunisaidia kukaza boriti ya banda. Alipiga soga za watu wote wa mji mpaka misumari ikaisha. Ndipo nikamuuliza ghafla kama anajua kwa nini Shangazi alizimika.

Akaweka nyundo chini. "Shemeji, mimi nakaa nyuma. Injini ikinyamaza, aliye nyuma husikia kuliko wa mbele."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu dada yangu yu hai. Nilikuwa nawasikia mnacheka humo ndani. Maneno sikuyasikia, kicheko nilikisikia."

"Na hukumwambia Mwalimu."

"Nikamwambie nini? Mambo yako na dada yangu niyapeleke shuleni mimi?" Akachukua nyundo. "Ila binti anajimaliza, Shemeji. Hilo naliona hata kwa mgongo."

Miaka ishirini nimemwita mtu huyu redio. Nimekuwa mjinga.

Ijumaa, 2 Agosti

Kamati ilikaa kwenye chumba cha mikutano cha kiwanda. Watu saba, meza ndefu, madirisha yenye ukungu. Wafugaji wawili waliwakilisha wenzao, na mmoja ni yule mjane wa kituo cha sita, amevaa viatu vya kutokea. Mimi na Shemeji tulikaa ukutani. Binti alikaa mbele na vichupa vyake ndani ya kiboksi, hakukifungua.

Meneja akamwambia aseme kwa kifupi.

Akasimama. "Sijaona kosa kwenye mafuta," akasema. "Lakini lori lilikuwa likitumia mafuta yangu, na maziwa ya watu yamemwagwa. Siwezi kuwaomba muamini kitu ambacho mimi mwenyewe nimeshindwa kukieleza. Ng'oeni tangi. Wanafunzi wangu nitawaambia mimi."

Akaketi. Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

Niliona namna itakavyokuwa. Nitaendesha miaka miwili, nitazima pale juu kila siku, na kila siku nitakayozima nitakuwa nimemwacha aamini kwamba alikosea. Sijui hata mama yake angekuwa na neno gani la kuniambia kwenye mteremko huo.

Nikasimama. "Mafuta hayana kosa. Kosa ni langu."

Meneja akatabasamu kwa huruma. "Keti, mzee wangu. Sote ni wazazi hapa."

Hawakuniamini. Sikutegemea hilo hata kidogo. Walidhani baba anajitwika mzigo wa mwanawe. Nikaeleza koki, nikaeleza tangi la maji, birika moja, mbili, tatu. Mmoja akaniambia kwa upole kwamba kwenye karatasi zangu nimeandika kila siku kwamba koki niligeuza. Nikasema niligeuza, ndiyo, kisha nikazima papo hapo. Wakatazamana. Binti alisema kwa sauti ndogo, "Baba, acha. Usinifanyie hivi."

Ndipo Shemeji alipoinuka, na kofia mkononi. Nilitarajia hotuba. Alisema sentensi chache kuliko zote alizowahi kusema maishani mwake. "Anazima. Kila siku. Alizima hata siku za mbono. Jana pia alizima, nilikuwa nyuma."

Meneja hakutabasamu tena. "Unazima injini, kwenye mteremko ule, breki zikiwa nzito, na madumu nyuma?"

"Madumu huwa yamesharudishwa."

"Na mtu?"

Nikamtazama Shemeji, aliyeketi nyuma yangu miaka ishirini. Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo, naapa. "Na mtu," nikasema.

"Kwa nini, mzee? Kijiko cha mafuta?"

Sikuweza kuwaambia watu saba kwa nini. Nikasema ni mazoea.

Yule mjane akaniangalia. Akasema, "Nilikukabidhi, dereva." Nililikumbuka neno hilo njia nzima ya kurudi.

Waliamua mbele yangu. Majaribio yataendelea mpaka msimu mwingine, na malori matatu yatawekewa matangi. Shangazi atabaki na mbono wake. Nami sitaendesha tena gari la kiwanda. Meneja alilitamka hilo akitazama meza. Sikubisha, yuko sahihi. Nikaweka ufunguo mezani, nikautazama, nikaona ni mdogo sana.

Nje binti alipita mbele yangu bila kusimama. Nilimwita. Akageuka. "Nimekesha wiki tatu," akasema, "na wewe ulikuwa unajua." Akaenda zake.

Jumamosi, 3 Agosti

Hakuna.

Jumatano, 7 Agosti

Wamekuja kumchukua Shangazi, sasa atalala kiwandani. Uani kumebaki doa la mafuta na mahali pakavu pasipo na majani. Kuku wanapakwepa.

Ijumaa, 9 Agosti

Shemeji anasema dereva mpya ni kijana mpole, anaendesha kwa kufuata kitabu, na kwamba hacheki. Nimempelekea binti daftari langu. Sikumkuta, nikaliacha kwa jirani yake na ujumbe kwamba asome tarehe kumi na nane mwezi wa sita, mengine asiyajali. Haya nayaandika kwenye mojawapo ya zile karatasi zake, upande wa nyuma.

Jumatatu, 12 Agosti

Baridi inakatika. Niliamka saa kumi na moja kama kawaida, nikavaa shati la kazi, nikakaa jikoni nikiwa sina pa kwenda. Inauma. Nilidhani nimeshakubali, kumbe bado inauma, na naliandika hilo bila kuona haya. Nikajipa kazi moja: saa saba Shangazi atapita hapa barabarani akitoka kwenye mzunguko, nami nitasimama getini nisikilize yule kijana anavyobadilisha gia kwenye mteremko. Nilijua nitamkosoa. Nilikuwa nikingojea hilo kama sikukuu.

Saa sita binti akaingia. Hakubisha hodi, aliingia kama alivyokuwa akiingia akitoka shule. Ameshika daftari. Akaliweka mezani, akawasha jiko, akatia maji, akakaa mbele yangu. Alikuwa bado amekasirika, niliona kwenye namna alivyoshika kikombe kitupu. Akakaa hivyo mpaka maji yakachemka yakaanza kumwagika, na hakuna aliyenyanyuka.

"Umeandika mambo mawili tu aliyokwambia," akasema. "Mimba na daktari. Miaka ishirini na tano mnateremka, hakusema mengine?"

"Alisema mengi."

"Basi nisimulie."

Sikujua nianzie wapi. Nikamsimulia wiki ile aliyochoma sufuria tatu, ana miaka kumi na mmoja, akipika majani na magome na sabuni nyuma ya nyumba kuona nini kitatokea. Nilikuwa nimeapa kumchapa. Tulipofika juu nikazima injini, na mama yake akakohoa, akasema: "Usimguse. Huyu anatafuta kitu. Hata akitumalizia vyombo vyote tule kwenye majani, mwache atafute." Nami nikamwacha, nikanunua sufuria nyingine, na mtoto akadhani nimesahau.

Binti akacheka. Alicheka kwa mdomo wazi, kichwa nyuma, kisha kicheko kikageuka kilio bila kusimama katikati, akafunika uso kwa mikono yake yenye mafuta ya mbono. Mimi nilianza kwa kulia, kucheka kukaja baadaye. Nikamsimulia jingine, na jingine. Mengine nilidhani nimeyasahau.

Shemeji ndiye aliyekuja kutuambia kwamba Shangazi amepita saa nzima iliyopita, na kwamba yeye, akiwa nyuma, alinipungia mkono getini akashangaa kutoona mtu.